Breki Zako, Macho Yako: Mwongozo wa Kukwepa Fundi Tapeli, Fizi na Baraka

Barabara za Fizi, huku Kongo, hazina huruma na breki mbovu. Ukitoka Fizi-centre kuteremka Baraka, unashuka kutoka mlimani hadi kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia ni udongo, kona na mawe, na kwenye kona hizo hizo kuna akina mama wenye mizigo kichwani, watoto wanaotoka shule na wamotari waliopakia watu watatu. Anayeelekea Lulimba na Misisi naye ana vilima vyake. Anayekwenda Uvira kupitia Mboko, Swima na Makobola ana mito ya kuvuka, na ziwa liko pembeni tu. Fundi akikudanganya kwenye redio ya gari, utakosa habari. Akikudanganya kwenye breki, habari utakuwa wewe.

Mafundi wengi wa Baraka ni watu wa kazi kweli. Wanalala chini ya gari kwenye vumbi, bila shimo la gereji wala mashine ya kuinulia, na gari linaondoka likitembea. Mwongozo huu hauwahusu hao, isipokuwa kwa kukufundisha namna ya kuwatambua na kuwalipa vizuri. Unamhusu yule anayechukua pesa ya plaketi mpya za breki na kukurudishia za zamani zilizopigwa msasa. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye gari, dereva na motari ambaye si fundi, asiye na vifaa, na ambaye labda ana gereji mbili tatu tu za kuchagua.

Wizi unaanzia wapi

Chanzo cha kwanza ni sisi wateja. Fundi akitaja bei ya kazi, tunabishana naye mpaka anabaki na pesa ya bugali tu. Yeye hakatai. Anajua atajilipa kwenye vipuri, kwa sababu ni yeye atakayekwenda kuvinunua, na bei atakayokuambia ndiyo bei utakayoijua. Tumemfundisha kwamba jasho lake ni bure na kwamba faida iko kwenye pyesi. Mwenye roho nyepesi anamalizia somo hilo mwenyewe: kama faida iko kwenye pyesi, faida kubwa zaidi ni pyesi ambayo hukuinunua kabisa.

Chanzo cha pili ni umbali. Vipuri vya Baraka vinatoka Uvira, Bujumbura, au vinavuka ziwa kutoka Kigoma. Mvua ikikata barabara, au vita ikifunga njia, duka linabaki na maboksi machache, na fundi analazimika kuunganisha alichonacho. Hapo tenganisha mambo mawili. Fundi anayekuambia, "Papa, plaketi za gari hii hakuna, nimechonga za gari nyingine, enda polepole, ukifika Uvira ubadilishe," huyo hajakuibia. Amekupa habari na umeamua mwenyewe. Anayefanya vivyo hivyo na kukutoza bei ya kitu kipya bila kusema neno ndiye mwizi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni hii: tenga bei ya kazi na bei ya vipuri. Mlipe fundi kazi yake bei ya haki, uitaje waziwazi, kisha vipuri nunua mwenyewe au nenda naye dukani. Asiyekubali mpango huo hata baada ya kupandishiwa bei ya kazi, amekwisha kukueleza alitaka kula wapi.

Jua ugonjwa kabla ya kwenda kwa daktari

Fundi tapeli anampenda mteja anayesema, "Fundi, breki hazishiki, angalia tu." Sentensi hiyo inampa ruhusa ya kubadilisha chochote. Kabla hujafika gereji, jaribu mambo haya ukiwa nyumbani, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Kanyaga pedali, injini ikiwa inanguruma, uishike hivyo hivyo kwa dakika moja bila kuachia. Ikizama polepole kuelekea sakafuni, mafuta ya breki yanapotea mahali: ama yanavuja nje, ama pampu kubwa ya breki imechoka ndani. Chungulia nyuma ya kila gurudumu na chini ya pampu. Unyevu wa mafuta ukionekana, umeshajua pa kumwonyesha fundi.

Kanyaga mara tatu nne haraka haraka. Pedali ikiwa laini mwanzoni kisha ikapanda na kuwa ngumu, ama kuna hewa ndani ya mabomba, ama breki za nyuma zinahitaji kukazwa tu. Hapa ndipo watu wengi wanauziwa pampu kubwa wasiyoihitaji. Magari mengi madogo ya Kijapani yanayotembea huku, kama Probox, yana diski mbele na tamburi nyuma, na breki za tamburi zikilegea pedali inakwenda chini. Kuzikaza ni kazi ndogo, na fundi mwaminifu ataanza na hiyo kabla ya kutaja pampu.

Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, uishike, kisha uwashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, kifaa kinachoongeza nguvu ya breki kinafanya kazi. Fundi akikuambia kimekufa, mwambie umeshakijaribu.

Barabarani sikiliza na uhisi:

- Mlio mwembamba kama filimbi unapokanyaga: plaketi zinakaribia kuisha.
- Mkwaruzo wa chuma kwa chuma: zimeisha, na sasa unakula diski. Usiendelee na safari.
- Gari kuvuta upande mmoja: gurudumu moja linashika zaidi, au la upande wa pili halishiki kabisa.
- Pedali au usukani kutetemeka unapopunguza mwendo: diski imepinda au imeliwa vibaya.
- Harufu ya kuungua na gurudumu moja kuwa la moto ingawa hukutumia breki sana: breki imeng'ang'ania, haiachii.

Ukishajua haya, maneno yako gereji yanabadilika. Badala ya "angalia tu," unasema: "Fundi, pedali inazama nikiishika, na nimeona unyevu gurudumu la nyuma kushoto. Tuanzie hapo." Mtu aliyekuwa anapanga kukuchezea ataanza kukupima upya.

Mapatano kabla ya nati ya kwanza kulegezwa

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Huhitaji fakitire yenye muhuri wala kompyuta. Karatasi ya daftari la shule inatosha, nakala mbili, kila mmoja na yake. Andika tarehe, namba ya gari, kazi itakayofanyika, gurudumu lipi, kipuri gani, kipya au okaziyo, nani anakinunua, bei ya kazi, na siku ya kumaliza. Andika pia sarafu. Ukipatana kwa dola kisha ukalipa kwa franki, kiwango cha kubadilisha kinaweza kuleta ugomvi kuliko breki zenyewe, basi kiandikeni siku hiyo hiyo.

Watu wengi wanaona aibu kumwandikisha fundi ambaye ni jirani, shemeji au mtu wa kanisa moja. Yaseme kwa heshima: "Kaka, si kwamba sikuamini. Gari hii si yangu peke yangu, kuna wenzangu nyumbani watakaoniuliza." Maneno hayo yanamwachia uso wake na yanakuachia karatasi yako.

Sharti lingine la kutaja mapema, mbele ya wanafunzi wake ili wote wasikie: kila kitu cha zamani kitakachotolewa ni changu, na nitakwenda nacho nyumbani. Usiseme baadaye. Ukisema baadaye utaambiwa kimetupwa, au utaonyeshwa cha gari nyingine. Kipuri cha zamani kikiwa mkononi mwako, unajua mawili: kwamba kweli kilitolewa, na kwamba kweli kilikuwa kimekwisha.

Avansi toa ya kununulia vipuri tu, kama fundi ndiye anayekwenda Uvira kuvinunua, na udai risiti ya duka. Pesa ya kazi ngoja gari lijaribiwe. Na ukiweza, kaa hapo. Chukua kiti, agiza chai, tazama. Kazi ya breki za magurudumu mawili si ya siku tatu. Gari linalolala gereji bila sababu mara nyingi linaamka likiwa na vitu pungufu.

Michezo minne ya kuijua

*Plaketi ya nje mpya, ya ndani ya zamani.* Kila diski inabanwa na plaketi mbili, moja upande wa nje, moja upande wa ndani. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu unaona ya nje tu. Fundi mjanja anafunga mpya mbili za nje, kulia na kushoto, na zile mbili nyingine zinarudi dukani au zinamngojea mteja mwingine. Dawa ni moja: usikubali gurudumu lirudishwe kabla hujaziona zote mbili zikiwa mahali pake. Plaketi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi au zaidi wa ile sehemu inayosugua, bila kuhesabu bati la nyuma. Ikifika milimita 3, kama unene wa njiti moja na nusu ya kiberiti, wakati wake umekwisha. Na zinabadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja. Anayetaka kubadilisha upande mmoja tu anakutengenezea gari la kuvuta upande.

*Msasa na rangi.* Plaketi ya zamani ikisuguliwa kwa msasa inarudisha sura ya upya, na rangi nyeusi ikipulizwa kwenye bati la nyuma, kazi imekwisha. Itazame pembeni, si usoni. Kwenye bati tafuta kutu chini ya rangi, alama za kugongwa, na mkwaruzo mahali inapotelezea. Plaketi mpya ya kweli ina maandishi ya kiwandani yanayosomeka na kingo zisizo na mkwaruzo. Kwenye garnitiri, zile zinazosugua ndani ya tamburi, tazama kama kitambaa kimebandikwa kwa gundi iliyochuruzika, au rivet zimekaribia kutokeza usoni.

*Gurudumu lililozibwa.* Huu ndio mchezo unaoua. Pampu ndogo ya gurudumu la nyuma inavuja, mpya hakuna, au ipo lakini fundi ameshakula pesa yake. Anachukua bomba la chuma linalopeleka mafuta kwenye gurudumu hilo, analikunja kwa koleo na kulipiga nyundo mpaka lizibe. Wengine wanaingiza goroli ya beringi au skrubu kwenye maungio na kukaza. Uvujaji umekwisha, pedali iko juu na ngumu, na wewe unamshukuru. Lakini gari lako sasa lina breki tatu. Kwenye mtaa tambarare wa Baraka hutajua. Utajua ukiwa na mzigo, kwenye mteremko wenye tope, gari litakapogeuza mgongo mbele. Pita chini ya gari kwa tochi, fuata bomba kwa macho mpaka kila gurudumu. Bomba lililokunjwa linaonekana wazi. Skrubu iliyofichwa haionekani, ila itafichuliwa na jaribio la kriki ambalo tutalifikia hapo chini.

*Breki ya mkono iliyokazwa.* Badala ya kutengeneza breki za nyuma, fundi anavuta kamba ya breki ya mkono mpaka garnitiri zikaribie tamburi. Pedali inapanda na mteja anafurahi. Baada ya siku chache garnitiri zinaungua kwa kusugua bila kukoma. Ukipewa gari, hakikisha breki ya mkono imeachiliwa kabisa, kisha usukume gari kwa mkono. Linapaswa kwenda bila kukwama.

Mafuta ya breki: chupa ndogo, wizi mkubwa

Fungua boneti, tazama kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Pameandikwa DOT 3 au DOT 4. Hayo ndiyo mafuta ya kutia. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, DOT 4 kwenye 230 au zaidi. Lakini mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na yakishakunywa maji, DOT 3 yanaweza kuanza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unajaa mabombani, na pedali inazama bila kushika kitu. Ndiyo sababu chupa iliyofunguliwa na kukaa wazi kwenye rafu, kando ya ziwa, haifai hata kama imejaa. Nunua chupa iliyofungwa kwa kizibo chake, ifunguliwe mbele yako.

Wapo wanaotia mafuta ya injini au ya usukani kwa sababu ni rahisi kupatikana. Mafuta ya namna hiyo huvimbisha mipira yote ya breki, na baada ya muda mfupi utabadilisha pampu zote, si moja. Wapo wanaotia maji ya sabuni ili gari lifike sokoni, na maji, kila mpishi anajua, huchemka kwenye nyuzi 100. Kujihakikishia, chukua tone moja la kilichomo kwenye chupa ya gari ulitie kwenye kikombe cha maji safi. Mafuta ya breki ya kweli yanayeyuka na kupotea majini. Mafuta ya injini yanaelea juu. Kikombe hicho usikirudishe jikoni, kwani mafuta ya breki ni sumu, na yakidondoka kwenye rangi ya gari huibandua.

Kumbuka pia kwamba mafuta kupungua polepole miezi kadhaa ni kawaida plaketi zinapoisha. Kupungua kwa siku chache ni uvujaji. Fundi anayekujazia kila wiki na kukutoza kila wiki bila kutafuta tundu amekugeuza shamba lake.

Kupokea gari: usilipe kabla ya haya

Kwanza jaribio la kriki. Weka mawe kwenye magurudumu mengine, gia huru, breki ya mkono chini. Inua gurudumu moja mpaka liachane na ardhi, na pembeni weka gogo au rimu ya akiba chini ya gari, maana kriki huteleza. Lizungushe kwa mkono: linapaswa kuzunguka. Mtu akanyage pedali: linapaswa kukwama kabisa, hata ulisukume kwa nguvu. Aachie: lizunguke tena bila kushikwa. Fanya hivyo magurudumu yote manne, moja baada ya jingine. Gurudumu lililozibwa litaendelea kuzunguka hata pedali ikikanyagwa mpaka mwisho, na hapo hakuna maneno yatakayomwokoa fundi.

Pili, jaribio la barabara. Mwambie fundi mwenyewe apande, akae kando yako. Fundi aliyeziba gurudumu huwa hana hamu ya kuteremka mlima na wewe. Anza mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo mdogo, ukanyage mara kadhaa. Kisha endesha kidogo ukitumia breki kawaida, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu mawili ya mbele yawe na joto linalofanana, na ya nyuma mawili vivyo hivyo. La nyuma kushoto likiwa la moto na la nyuma kulia likiwa baridi, rudi gereji.

Tatu, kaza nati zote za magurudumu kwa ufunguo wako mwenyewe, na uzikague tena baada ya safari ya kwanza.

Kwa motari na kwa mwenye Fuso

Pikipiki nyingi za kazi, TVS na Boxer, zina breki za tamburi nyuma, na nyingi hata mbele. Garnitiri zikiisha, nati ya kurekebishia mwishoni mwa ufito wa breki inafika ukomo wake. Hapo fundi wa kando ya njia anachomoa ule mkono mdogo ulio juu ya tamburi na kuurudisha jino moja nyuma. Breki inashika kama mpya, nawe unalipa kidogo ukidhani umepona. Hakuna kilichoongezwa ndani. Kile chuma kinachosukuma garnitiri sasa kinazunguka kupita kiasi, na siku kikigeuka kabisa kitaligandisha gurudumu ukiwa mwendoni na abiria mgongoni. Wengine wanaweka kipande cha bati katikati ili kupata unene. Ukiona nati imefika mwisho, dai garnitiri mpya, ushike za zamani mkononi. Zilizolowa mafuta ya cheni au grisi hazisafishiki kwa petroli. Zinatupwa.

Kwa Fuso na malori yanayotumia upepo, tega sikio: simamisha gari, zima injini, kanyaga breki uishike, usikilize mlio wa upepo unaotoroka. Toa maji kwenye matangi ya upepo kila siku. Kwenye malori ambayo breki yake ya kuegesha inashikwa na springi, nyuma ya ile chemba pana ya breki ya gurudumu kunaweza kufungwa bolti ndefu inayoikandamiza springi ili gari lililokwama liweze kuvutwa. Ni kazi halali ya dharura. Mchezo ni kuiacha bolti hiyo hapo baada ya "kutengeneza," kwa sababu breki ya kuegesha ya gurudumu hilo imekufa na wewe hujui. Kabla ya kupakia mzigo wa Misisi, pita nyuma uzitazame chemba zote.

Na kwa wote: hata breki nzuri kuliko zote huzidiwa na dereva anayezitegemea peke yake. Teremka kwa gia ile ambayo ungeitumia kupanda. Ukivuka mto, kanyaga pedali kidogo kidogo huku ukienda, mpaka maji yakauke.

Ukishadanganywa

Usianze kwa kelele mbele ya watu. Mtu aliyeaibishwa hadharani hukana hata kilicho wazi. Mambo ya kufanya ni haya, kwa mpangilio:

1. Simamisha gari. Usiendelee kulitumia "mpaka Jumatatu." Piga picha kwa simu: bomba lililokunjwa, plaketi, namba ya gari ikionekana.
2. Mwite fundi mwingine aangalie bila kugusa, awe shahidi. Usimpe kazi hapo hapo, asije akaonekana anamharibia mwenzake ili apate mteja.
3. Mfuate wa kwanza na karatasi yako ya mapatano, pamoja na mtu mzima anayemheshimu. Mpe njia ya kutoka: arudishe pesa ya kipuri ambacho hakukitia, au akitie bila malipo mengine, kwa siku iliyotajwa.
4. Akikataa, nenda kwa chefu wa avenyu au wa kartie. Mafundi nao huwa na wakubwa wao wanaolinda jina la kazi. Waambie hao pia.
5. Kama amekataa kote, au kama kuna mtu aliyeumia, hapo ni kwa ofisa wa polisi wa upelelezi, OPJ, na baadaye mahakama.

Sheria iko upande wako. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo Kongo inaitumia mpaka leo, inasema mapatano halali ni sheria kwa waliopatana, na kifungu chake cha 258 kinamlazimu aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake kuilipa. Kanuni ya adhabu nayo inaadhibu utapeli na kumdanganya mnunuzi juu ya kitu alichouziwa. Lakini kuwa mkweli na hesabu zako: kwa seti moja ya plaketi, gharama na siku za kufuata faili mara nyingi zitazidi pesa uliyoibiwa. Kwa hiyo hatua ya tatu na ya nne ndizo zenye faida, na zinafanya kazi tu kama una karatasi na picha.

Jambo moja la mwisho kuhusu sheria. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo kanuni ya barabara ya Kongo, inadai gari liwe na breki zinazofanya kazi. Ajali ikitokea, polisi wa barabarani hawataanza na fundi. Wataanza na aliyekuwa ameshika usukani. "Fundi aliniambia ni nzima" haitakutoa mikononi mwao.

Mlipe aliye mwaminifu

Ukimpata fundi anayekuonyesha kipuri cha zamani kabla hujakidai, anayekubali kupanda nawe kwenye jaribio, anayesema "hii siiwezi, peleka Uvira," mshike. Mlipe siku hiyo hiyo, usimkope, usimpunguzie bei ya kazi kwa sababu eti ni rafiki. Wapelekee wenzako jina lake. Fundi kama huyo asipopata bugali kwa kazi ya haki, ama ataacha ufundi, ama atajifunza kukunja mabomba kama wengine. Lipa kazi, nunua vipuri mwenyewe, dai cha zamani, inua kila gurudumu. Ukifanya haya manne kila mara, fundi tapeli hatabaki na pa kula kwako.